Mlinzi wa Majina ya Watu

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Nimelitumia vya kutosha, na sikuwa na haki nalo hata siku moja. Inatosha ujue kwamba lilikuwa jina la sabuni, kwamba sabuni ilikuwa nzuri, na kwamba mimi, mzee mwenye mvi na tasbihi mfukoni, nililichukua kwa mwenyewe kisha nikataka kumuuzia.

Wakati ule sikusema nimelichukua. Nilisoma sekondari mpaka mwisho, na faida kubwa ya masomo yangu imekuwa kunipa maneno mazuri ya kufunikia mambo mabaya. Nilisema ninalilinda.

Nilikuwa na sekretariati ndogo katika mtaa wa Asiatique, chumba kimoja kati ya duka la vipuri na fundi cherehani. Ndani mlikuwa na kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, printa iliyokuwa na hasira siku zote, na mlangoni kibao kilichosema kwamba hapa zinaandikwa barua za kila aina. Mteja alikuja na maneno yake mdomoni, akakaa kwenye stuli, akayasema kwa Kiswahili au Kirundi, nami nikayageuza kuwa Kifaransa chenye kofia na tai. Niliandika barua za kuomba kazi, za kumlalamikia mwenye nyumba, za kumbembeleza bwana fulani katika ofisi za serikali kule Kigobe. Daktari huambiwa ugonjwa na imamu huambiwa dhambi. Mimi niliambiwa vyote viwili, pamoja na nambari ya kitambulisho.

Siku moja bwana mmoja aliyevaa suti alikuja kuniandikisha mkataba. Alikuwa anaiuzia hoteli jina la hoteli hiyohiyo. Niliacha kuandika nikamtazama.

"Hoteli ni yako?"

"Apana."

"Jina ni lako?"

"Apana, jina ni yao."

"Sasa we unauza nini?"

"Anwani ya intaneti yenye ile jina. Wao walilala, mi niliamka."

Akanieleza bila haya, na ninakueleza kama alivyonieleza. Kwenye mtandao, anwani ya tovuti hupewa yule anayeiomba kwanza na kulipa ada ndogo ya mwaka. Mashine haitoki nje kutazama kibao cha nani kiko juu ya mlango wa nani. Ukijiandikishia jina la duka la mtu kabla hajaamka, siku akiamka itabidi aje kwako. Bwana yule alilipa karatasi zake, akaondoka, akaniacha nimekaa kama mtu aliyeteremshiwa ufunuo.

Nilikuwa na rafiki wa Uvira, muuza vitenge aliyepita mpaka wa Gatumba kila wiki. Alikuwa na kadi ya benki iliyokubaliwa kulipia mambo ya mtandaoni. Yeye alilipa kwa kadi, mimi nikamrudishia taslimu na kidogo cha juu. Hiyo ndiyo ilikuwa kampuni yetu nzima. Kila asubuhi nilipotoka nyumbani Buyenzi kwenda kazini, nilisoma vibao vya maduka kama wengine wanavyosoma gazeti. Nilimchukua mwokaji mikate. Nilimchukua mwenye famasi. Nilichukua shule moja ya binafsi ambayo, nilijua, ilikuwa na wazazi wenye uwezo.

Mke wangu alipouliza ninafanya nini, nilimwambia ninalinda majina ya watu yasije yakachukuliwa na matapeli.

"Na wenyewe wamekuajiri?"

"Bado hawajajua kwamba wanahitaji mlinzi."

"Ahaa," alisema. "Kumbe hata anayebeba kuku wa jirani usiku analinda. Anaogopa wataibiwa."

Nilimwambia haelewi mambo ya kisasa. Ni jibu zuri hilo. Linafaa kwa kila swali ambalo huna jibu lake.

Majina mengi hayakununuliwa na mtu. Ila mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi alinilipa, tena akicheka: "Mzee, we unajua biashara kuliko mi!" Kicheko kile nilikichukua kama fatwa. Nilijiambia kwamba kama mwenye mali anacheka, basi hakuna aliyedhulumiwa. Haikunijia akilini kwamba mtu anaweza kucheka kwa sababu ana haraka na wewe umekaa kwenye njia yake.

Tena mimi ndiye niliyekuwa nikiwalaani makomisiyoneri, wale madalali wa viwanja wanaompeleka mtu kuona kiwanja chenye mwenyewe, wakamuuzia kwa karatasi ya bandia. Nimeandika malalamiko mengi dhidi yao katika maisha yangu, na maneno makali niliyaongeza kwa hiari yangu, bila malipo. Sikuona kwamba nimekuwa mmoja wao. Tofauti yetu ilikuwa moja tu: komisiyoneri humwibia mwenye kiwanja na kumuuzia mtu mwingine, mimi nilikuwa nikimuuzia mwenyewe. Niliona huo ni uungwana.

Nataka niwe mwadilifu, japo nimechelewa. Wapo watu wanaonunua anwani za maneno ya kawaida, maneno yasiyo ya mtu, wakayaweka mpaka apatikane anayeyataka. Sina ugomvi nao. Lakini kuna jina ambalo mtu amelitolea jasho mpaka watu wakaliamini. Jina la namna hiyo halijalala barabarani likingoja wa kuliokota.

Na sasa nifike kwa mwenye sabuni.

Alikuwa jirani yetu Buyenzi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mjane wa makamo. Alipika sabuni ya mawese uani kwake, na kila Alhamisi mtaa mzima ulijua kwa pua kwamba sufuria liko motoni. Alianza kwa kuzifunga sabuni kwenye karatasi za magazeti. Baadaye seremala alimchongea muhuri wa mti, akawa anagonga jina juu ya kila kipande. Lilikuwa jina ambalo watoto wa mtaa walimwita mama yake, yule aliyemfundisha kupika. Ilifika mahali watu wa Buyenzi wakienda dukani hawasemi "nipe sabuni", wanataja jina lile. Kisha sokoni zikaanza kuonekana sabuni nyingine zenye muhuri uleule, zinazochoma ngozi. Ndipo akaamua kuliandikisha jina serikalini liwe alama yake ya biashara. Na kwa kuwa kuandikisha kunataka faili, na faili linataka Kifaransa, alikuja kwangu.

Alikaa kwenye stuli, akaweka mezani kipande cha sabuni na karatasi aliyochora lebo.

"Mzee, andika vizuri. Ile jina ndiyo mama yangu. Hakuniachia nyumba, hakuniachia shamba. Aliniachia ile jina na sufuria."

"Nitaandika vizuri, Mama."

Na niliandika vizuri. Sijapata kuandika ombi zuri kuliko lile. Nilieleza jinsi jina linavyomtambulisha mwenye kazi, jinsi wateja wanavyoliamini, jinsi mtu mwingine akilitumia anavyomdhulumu mwenyewe na kuwadanganya watu wote. Niliyaeleza hayo kwa aya nne. Kwa hiyo siwezi leo kusema sikuelewa. Kama mahakama ingetaka ushahidi kwamba nilijua ninachokifanya, ushahidi niliuandika kwa mkono wangu, siku ileile, tena nikalipwa.

Aliaga akaniachia ile sabuni iwe shukrani. Kabla hajafika mwisho wa barabara nilikuwa nimemtumia rafiki wa Uvira ujumbe wenye jina lile. Ilipofika alasiri anwani ilikuwa yangu. Nikanawa mikono kwa sabuni ya mjane, ikatoa povu zuri, nikatawadha, nikaenda kuswali.

Ikapita miezi. Cheti chake kikatoka, akakitia fremu, akakitundika sebuleni juu ya redio. Kisha ikaja bahati. Kulikuwa na duka la Warundi wanaoishi Ubelgiji lililotaka kuchukua sabuni yake, si kwa katoni moja, bali kwa mwaka mzima. Lilikuwa na sharti moja. Kwa sababu ya zile sabuni za bandia, awe na tovuti yenye jina lake, ili mnunuzi wa huko atazame na kujua kwamba sabuni ni yenyewe. Walimpa muda mpaka mwisho wa Ramadhani. Alikwenda kwa watengenezaji wa tovuti, wakamwambia jina limeshachukuliwa na aliyelichukua amejificha. Kinachoonekana ni njia ya kumpelekea barua pepe tu.

Mtu akipatwa na jambo kama hilo hufanya nini? Huenda kwa mwandishi wake wa barua.

Aliingia kwangu kabla ya adhuhuri. Wateja wawili walikuwa wanangoja fotokopi.

"Mzee, andika barua. Andika: We mwizi."

"Mama, barua rasmi haianzi hivyo."

"Inaanza namna gani?"

"Inaanza Mheshimiwa Bwana."

"Mutu ameniibia jina ya mama yangu, mi nimwite mheshimiwa?"

"Ndiyo adabu ya barua."

"Basi andika: Mheshimiwa Mwizi."

Wale wateja wawili waliangua kicheko. Mimi pia nilicheka, tena kwa sauti, nisije nikabaki nyuma.

"Muulize kama ana mama, ama alianguka toka juu kama mvua," aliendelea. Nikaandika: Tunaomba uzingatie uzito wa kifamilia wa jina hili. "Mwambie kuna wanawake watatu wanafunga sabuni kwangu, na wote wako na watoto." Nikaandika: Shughuli hii ina manufaa ya kijamii. "Mwambie Mungu anamuona." Hapo vidole vilisimama kidogo. Nikaandika: Tuna imani na busara yako.

Alilipa ukurasa mmoja. Nilimpunguzia bei, kwa ujirani.

Nikaituma barua. Alipokuwa bado anavuka barabara kwenda nyumbani, barua ilifika, kwenye kompyuta ya pili. Niliifungua nikaisoma. Ilikuwa barua nzuri sana. Ilikuwa karibu inishawishi. Nikajijibu kwa Kifaransa kigumu, bila sahihi, nikataja bei ambayo mtu angenunulia pikipiki mpya. Kisha nikalichapisha jibu, na jioni nikampelekea mwenyewe nyumbani kwake, nimpunguzie safari. Nani angesema mimi si jirani mwema?

Nilimsomea nikimtafsiria. Alikuwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, mikono ina mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Pikipiki?" alisema. "Na mi naenda sokoni kwa mguu." Kisha akaniuliza: "Mzee, we ungekuwa mi, ungefanya nini?"

Nilimshauri alipe. Nilimwambia hata kwa mafungu, pengine yule bwana angekubali. Nilisema nina hisia kwamba si mtu mbaya sana.

"Apana," alisema. "Jina ya mama siinunui. Siku nikiinunua, nimekubali kwamba ilikuwa yake."

Sikulala vizuri, lakini nililala. Alipokuja tena kuuliza kama kuna mahali mwenye cheti anaweza kushtaki, nilimwambia pako, lakini ni mbali, ni ghali, ni kwa Kiingereza, afadhali asahau. Sikumwambia kwamba wenye alama zilizoandikishwa hushinda mara nyingi, na kwamba karatasi ya kushindia ilikuwa juu ya redio yake. Usiku ule mke wangu aliniuliza mara moja tu: "Ile jina haiko kwako?" Nikasema apana. Ramadhani ikaisha. Duka la Ubelgiji likachukua sabuni ya nchi nyingine. Wanawake wawili kati ya wale watatu wakarudi majumbani kwao.

Nami nikabaki na jina. Hakuna mtu mwingine duniani aliyelitaka. Kila mwaka nililipa ada, bila faida hata ya sumni. Mlinzi mwaminifu kabisa.

Kwetu Buyenzi mtu anayekwenda kuhiji hapandi ndege kimyakimya. Siku za mwisho hupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Huwaomba aliogombana nao, aliowasengenya, hata asiowakumbuka vizuri, kwa sababu hataki kusimama mbele ya Kaaba na haki ya mtu shingoni. Nawe unayeombwa husemi mengi. Unasema umemsamehe, unamwombea safari njema, unampa chai.

Baada ya miaka kadhaa zamu ya mwenye sabuni ilifika. Alikuja kwetu asubuhi akiwa amejitanda nguo nyeupe, akavua kandambili mlangoni, akakaa mkekani karibu na mke wangu.

"Mzee, nimekuja kwako na kitu kizito."

"Sema, Mama."

"Ile wakati jina yangu ilipoibiwa, mi nilikudhania we. Nilisema moyoni, nani alijua ile jina inaenda serikalini? Ni Mzee peke yake. Nikamwambia mutu mmoja, tena kwenye harusi, na sina ushahidi. We ulinipunguzia mpaka bei ya barua, na mi nilikudhania mwizi. Naomba unisamehe."

Mke wangu alikuwa anamimina chai. Birika lilisimama hewani.

Miaka yote ile nilikuwa nimejiandalia hotuba. Nilikuwa na maelezo ya kisheria, maelezo ya kibiashara, na moja la kidini ambalo lilikuwa dhaifu kidogo. Hakuna hata moja lililotoka. Nilisikia sauti yangu, nzito na ya upole, sauti ya mzee wa msikitini, ikisema:

"Nimekusamehe, Mama. Nenda na amani."

Akalia kwa furaha. Akanywa chai. Akaondoka mwepesi.

Mke wangu alikung'uta mkeka, akaukunja, akausimamisha ukutani, ndipo akanigeukia.

"Umemsamehe."

"Alikuja kuomba..."

"Umemsamehe, na ukweli unaujua. Ile usiku uliposema apana, sikukuamini. We Mzee, mi nimekaa na wewe tangu nywele zako nyeusi, na nimekuona ukifanya mambo ya kijinga. Hii siyo ya kijinga. Huyu mama anaenda Makka anafikiri ameacha mzigo hapa, kumbe ameondoka umemwongezea." Akafunga kitambaa chake kichwani. "Utaenda wewe, ama nitaenda mi?"

Nilikwenda baada ya alasiri. Ua wake ulikuwa umejaa wanawake wanaopika pilau ya kumuaga. Nilimwomba tuongee pembeni.

"Sema hapa, Mzee. Hawa ni watu yangu."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikupata neno la kupamba.

"Ile jina iko kwangu. Iko kwangu tangu siku ulipokuja kuiandikisha."

Aliyekuwa akikoroga sufuria aliacha kukoroga. Mwenye sabuni hakupandisha sauti.

"Ile barua. Nilikulipa?"

"Ulilipa."

"Na jibu, ni we uliandika?"

"Ni mimi."

"Ukanishauri nilipe."

"Nilikushauri."

Akacheka, kicheko kifupi kisicho na kitu ndani yake.

"Ile msamaha ulinipa asubuhi, chukua. Sina kazi nayo. Na yangu usiiombe leo, sina. Nitaitafuta kule. Nikiipata nitakuletea. Nikiikosa, nitakuambia pia." Akarudi kwenye sufuria, kisha akageuka. "Na kesho uandike barua, uibandike mlangoni kwako. Usiandike mheshimiwa."

Niliiandika. Ilianza na Mimi mwizi, na haikuwa na Kifaransa hata kidogo. Niliibandika chini ya kibao cha barua za kila aina, na ikakaa hapo mpaka jua likala wino. Wateja wengine waliisoma wakageuza njia. Wengine waliingia hivyohivyo, wakafunika karatasi zao kwa mkono nilipokuwa nikiandika. Yule bwana wa suti alikuja kuniambia kwamba ninawaharibia watu soko. Lilikuwa jambo la kwanza la kunifariji.

Jina nilimrudishia kabla ndege yake haijaruka. Wale watengenezaji wa tovuti walisaidia, wakinitazama kama uchafu. Mengine nayo nikayarudisha. Mwokaji mikate aliniuliza mara tatu ninataka nini, akakataa kuamini kwamba sitaki kitu. Mwenye famasi alinitukana, naye alikuwa na haki. Shule ilidhani ni utapeli mpya.

Alirudi kutoka Makka na tende na maji ya zamzam, akapita nyumba zote za mtaa. Kwetu alimpa mke wangu fungu lake mkononi. Mimi nilisimama nyuma, mlangoni mwa chumba, kama mgeni ndani ya nyumba yangu.

"Mzee," alisema, "nimeitafuta. Bado."

"Nimesikia, Mama."

"Sikusema nimeacha kutafuta."

Siku hizi tovuti yake ipo, na picha ya muhuri wa mti iko juu kabisa. Duka la Ubelgiji halikurudi. Mmoja wa wale wanawake wawili amerudi kufunga sabuni. Wa pili alihama mji, na sijui alikokwenda wala sina pa kupeleka barua ya kumwomba radhi.

Kila Alhamisi harufu ikijaa mtaani ninakwenda kununua kipande kimoja, kwa bei ya watu wote. Sisemi kitu, kwa sababu nilichokuwa nacho cha kusema nilishakibandika mlangoni. Yeye ndiye husema, akiwa anafunga karatasi:

"Bado, Mzee."

Kisha anakunja pembe zote nne, anazibana vizuri kama anavyowafanyia wateja wengine, na kunipa.